Kutoka Ngamiani hadi Bagamoyo: Shajara ya Mchoraji wa Michezo

Jumatano, Tanga

Siku nzima ya leo imekwisha katika kufunga picha. Kesho ninasafiri kwenda Bagamoyo, ambako wakusanyaji wa stempu, sarafu, jezi za zamani, beji na tiketi za mechi wamekodi ukumbi karibu na Mji Mkongwe ili waoneshane na kuuziana walivyonavyo, nami nimepewa meza moja ya kuuzia michoro yangu ya michezo. Nimewahi kuwauzia picha watalii, na biashara ile ina heshima yake, lakini mkusanyaji ni mteja wa namna nyingine kabisa. Huyu ataitundika picha sebuleni, ataitazama asubuhi na jioni kwa miaka, atawaonesha wageni wanaoijua mechi ile kuliko mimi niliyeichora, na endapo mshambuliaji wa mwaka 1977 amevishwa jezi yenye jina mgongoni na nembo ya mdhamini kifuani, picha nzima imekwisha thamani machoni pake. Ndiyo maana kazi hii, ingawa huitwa uchoraji, nusu yake ni kuwauliza watu.

Nimechagua picha kubwa nne. Ya kwanza ni Abdallah Kibadeni katika mechi ya mwaka 1977 ambayo Simba iliifunga Yanga mabao 6-0 na yeye mwenyewe akafunga matatu. Ya pili ni Coastal Union ya mwaka 1988, mwaka ambao Wagosi wa Kaya walitwaa ubingwa wa nchi na Tanga nzima ikalala macho. Ya tatu ni mkimbiaji wetu Filbert Bayi kule Christchurch, New Zealand, mwaka 1974, na ya nne ni mwanamarathoni wetu Alphonce Simbu akikata mstari jijini Tokyo mwaka 2025. Pamoja na hizo kuna picha ndogo za ngalawa zikishindana na za wazee wakicheza bao, na bahasha ya nakala zilizochapwa, kila moja ikiwa na namba na sahihi yangu.

Ufungaji wenyewe unahitaji subira. Rangi ya akriliki hukauka upesi, lakini ikipata joto hulainika tena, na karatasi ya nailoni ikilalia moja kwa moja juu ya vanishi ndani ya buti la basi, saa tano za safari zinatosha kuiacha imenata. Kila picha nimeifunika kwanza kwa karatasi laini isiyonata, kisha nikaweka pembe za boksi gumu kwenye kona nne za fremu ili uso wa picha usigusane na kitu chochote, ndipo nikazungushia nailoni kwa nje kwa ajili ya mvua. Picha moja ambayo haina fremu nimeivingirisha huku upande uliochorwa ukiwa nje, kwa sababu rangi iliyokunjwa kwa ndani hubanwa na baadaye, kanvasi inapofunguliwa, huweka mikunjo na nyufa.

Alasiri, kabla ya kuifunga picha ya Coastal Union, niliibeba hadi Barabara ya 12 kwa mzee mmoja ambaye ujana wake wote aliuza kahawa katika uwanja wa Mkwakwani siku za mechi. Nilimwamkia, akaitikia, akavuta kiti karibu na mlango penye mwanga, akaiweka picha magotini. Alianza kuwatazama watazamaji kabla hata ya wachezaji. Alipitisha kidole juu ya jukwaa, safu kwa safu, bila kuigusa rangi, kisha akasema, "Mwanangu, watu umewaweka, lakini hawa watu wanakunywa nini? Mpira wa Mkwakwani bila kahawa ulichezwa lini?" Akanieleza jinsi walivyokuwa wakipita kando ya jukwaa, dele mkono mmoja na vikombe mkono wa pili, wakivigonganisha ili wasikike juu ya kelele, na jinsi muuza kahawa alivyokuwa akiupa uwanja mgongo kwa sababu macho yake yalikuwa kwa wateja. Jambo hilo la mwisho nisingelibuni hata ningekaa mwezi mzima mbele ya kanvasi. Niliporudi nyumbani nilichukua brashi nyembamba na kumchora pale pale aliponionesha, mtu mmoja katika uwanja mzima ambaye hautazami mpira, na dele lake la shaba likishika jua. Saa moja baadaye rangi ilikuwa imekauka, nikaifunga.

Alhamisi, njiani

Niliondoka stendi ya Kange asubuhi na mapema. Utingo alitaka kulilaza sanduku la picha chini ya mabegi, nami nikaona ni heri nilipie kiti cha pili na kulisimamisha kando yangu kuliko kuanza kubishana. Safari yenyewe haikuwa na mengi: machungwa ya Muheza yaliyopangwa mafungu mafungu kando ya barabara, mashamba ya mkonge, Segera, Mkata, daraja la Wami, kisha Msata, ambako nilishuka na kungojea basi dogo la Bagamoyo. Barabara ya kutoka Msata hadi Bagamoyo ina kilomita zipatazo 64 na ni ya lami tupu, kwa hiyo sanduku halikutikiswa, nami nikafika kabla ya alasiri.

Katika nyumba ya wageni nilifungua kila kitu papo hapo. Watu wengi huacha picha zao zimefungwa hadi asubuhi ya maonesho, lakini upepo wa bahari una unyevu, na picha iliyofungiwa ndani ya nailoni usiku kucha hutoa jasho. Nilizisimamisha zote ukutani, nyuso zikiwa mbali na dirisha, nikalala nazo chumbani.

Ijumaa, Bagamoyo

Meza yangu iko kati ya bwana mmoja anayeuza sarafu za enzi za Wajerumani na mama mmoja kutoka Dar es Salaam mwenye albamu za stempu. Nimefurahi kuwekwa hapo. Mtu anayejua kutofautisha sarafu mbili kwa alama ndogo kuliko chembe ya mchele hatakasirika akiniona nikimweleza habari za kola ya jezi.

Kupanga meza ni kazi inayodharauliwa. Ukumbi una madirisha upande wa baharini, na kuanzia saa nne mwanga huingia mkali kiasi cha kuifanya vanishi ing'ae hata usione kilichochorwa. Nilizigeuza picha kubwa zikatazama ukuta wa ndani, nikazipandisha hadi usawa wa macho ya mtu aliyesimama, na zile ndogo nikazilaza mezani ili watu wazishike. Mkusanyaji hupenda kukishika kitu. Ukimwonesha picha nzuri kwa mbali ataisifia na kupita, lakini ukimruhusu kuigeuza na kusoma nyuma jina la picha, mwaka, aina ya rangi na sahihi, tayari ameanza kuwaza ataitundika wapi. Nyuma ya kila picha yangu nimebandika pia karatasi inayosema mambo gani nimeyapata kwa nani: lipi limetoka kwenye gazeti la wakati ule, lipi kwa mchezaji mwenyewe, lipi kwa mtazamaji. Watu wameisoma karatasi hiyo leo kwa makini sana, na wako waliosoma nyuma ya picha kwa muda mrefu kuliko walivyoitazama mbele.

Kabla ya sala ya Ijumaa, yule mama wa stempu alikuja kwangu na kibanio chake mkononi na stempu moja ndani ya kifuko cha plastiki. Ilikuwa stempu iliyotolewa kwa ajili ya Michezo ya Olimpiki ya Montreal ya mwaka 1976, na juu yake anakimbia Filbert Bayi. Aliiweka kando ya picha yangu ya Christchurch na kuniuliza kama nafahamu kwamba mbio alizochapiwa stempu ile hakuzikimbia. Nilikuwa nafahamu, na tulisimama pale kwa muda tukilizungumza jambo hilo kama watu wawili wa ukoo mmoja.

Kwa msomaji asiyeijua habari hii, ilikuwa hivi. Tarehe 2 Februari 1974, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch, Bayi aliongoza mbio za mita 1,500 tangu mwanzo hadi mwisho na kuweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.16, huku John Walker wa New Zealand, mwenyeji aliyekuwa akishangiliwa na uwanja mzima, akimfuata kwa karibu na yeye pia akiipita rekodi ya zamani. Mwaka uliofuata Bayi aliweka rekodi ya maili moja kule Kingston, Jamaika, na kabla mwaka haujaisha Walker akaivunja. Dunia nzima ikawa inawasubiri Montreal. Lakini timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, na nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwemo, zikaisusia michezo hiyo. Walker alishinda dhahabu bila Bayi kuwapo. Stempu ikabaki.

Yule mama hakununua picha ya Bayi, kwa kuwa yeye hukusanya vitu vidogo vinavyoingia kwenye albamu, lakini alinunua nakala yake namba 7 kati ya 40 na kuniomba nimkatie kingo nyeupe ili iingie katika ukurasa unaoitazama stempu. Nilimkatalia kwa adabu. Namba, jina la picha na sahihi vimeandikwa kwa penseli katika kingo hizo, namba kushoto, jina katikati na sahihi kulia, na nakala iliyokatwa kingo haina tena uthibitisho wa kuwa ni moja kati ya 40. Alinielewa mara moja, kwa sababu hata stempu iliyopunguzwa meno hakuna mkusanyaji anayeitaka. Akasema atatafuta albamu kubwa zaidi.

Jumamosi, Bagamoyo

Leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Magari yalianza kufika kutoka Dar es Salaam saa tatu, na hadi saa tano ukumbi ulikuwa umejaa kiasi kwamba watu walikuwa wakipita kwa kuombana radhi.

Picha ya kwanza kuuzwa ilikuwa ndogo, ya wazee wawili wakicheza bao, inayotazamwa kwa juu ili mashimo yote 32 yaonekane. Aliyeinunua ni mzee wa hapa hapa Bagamoyo mwenye mbao za bao za zamani nyumbani kwake. Hakusema neno. Aliishika picha, akavua miwani, akaisogeza hadi karibu na pua, akaanza kuhesabu kete kwa kidole, shimo baada ya shimo, midomo ikitikisika. Nilikaa kimya na kumwacha. Bao la Kiswahili lina kete 64, hazizidi wala hazipungui. Mchezo unapoanza kila mchezaji huweka 6 katika nyumba, ambayo ni lile shimo la mraba, na 2 katika kila shimo kati ya mawili yanayofuata, akabaki na 22 mkononi za kunamua, yaani za kuingiza mchezoni moja moja. Katika picha ile mchezo ulikuwa umekwenda kidogo, na kete zilizobaki mikononi nilikuwa nimezichora katika viganja vilivyofunguka nusu, komwe za kijivu moja moja, nikijua kwamba ipo siku atatokea mtu kama yeye. Alipomaliza alivaa miwani, akasema, "Zimetimia," akatoa shilingi 80,000 bila kuomba kupunguziwa. Katika shughuli yote hii hakuna malipo yaliyonipa furaha kama hayo.

Coastal Union iliondoka saa sita. Mnunuzi alizaliwa Makorora na sasa anaishi Dar es Salaam, ana jezi, beji na kadi za uanachama za klabu za Tanga, na alipoiona picha alisogea moja kwa moja hadi kwenye jukwaa, akaweka kidole hewani juu ya dele la kahawa. Aliniuliza nimemjuaje mtu yule. Nilimweleza habari za mzee wa Barabara ya 12, akacheka kwa furaha, akasema ndugu zake walikuwa wakimtuma akawanunulie kahawa na kashata wakati mechi inaendelea, na kwamba mabao mengi ya utotoni aliyasikia tu kwa kelele. Tulikubaliana shilingi 600,000, akalipa kwa simu.

Kwa Kibadeni watu walisimama kwa makundi. Picha za mechi ile si nyingi, na zilizopo ni za rangi nyeusi na nyeupe, kwa hiyo kila mtu huja na rangi zake kichwani. Kijana mmoja alitaka kujua kwa nini bukta ni fupi hivyo na kwa nini hakuna tangazo lolote kwenye jezi, nikaona wazee watatu wakigeuka kumjibu kwa pamoja. Niliwaacha wamweleze. Wawili kati yao ni Simba na mmoja ni Yanga, na huyu wa Yanga alikuwa na kumbukumbu sahihi kuliko wenzake, jambo ambalo nimeliona mara nyingi, kwani aliyefungwa huikumbuka siku kwa undani. Ndiye aliyewakumbusha wenziwe kwamba tarehe 1 Juni 1968 Yanga nayo iliwafunga Simba mabao 5-0, wakati ule Simba ikiitwa Sunderland, na akaniuliza ni lini nitaichora hiyo. Nimeliandika ombi lake.

Lipo ombi jingine ambalo sikuliandika. Bwana mmoja mwenye uwezo, mpenzi mkubwa wa Simba, alitaka picha ya fainali ya Kombe la CAF ya mwaka 1993, kubwa ya kujaza ukuta, ikimwonesha nahodha wa Simba ameinua kombe. Ninyi mnaoikumbuka siku ile mnajua kilichotokea: sare tasa Abidjan, matumaini ya nchi nzima, kisha Stella ya Ivory Coast ikashinda 2-0 Dar es Salaam na kuondoka na kombe. Alisema anajua yote hayo, na kwamba ndiyo sababu anaitaka picha, ili angalau ukutani kwake mambo yawe yalivyostahili kuwa. Nilimheshimu kwa kusema wazi. Nilimpa wazo la picha ya mchana ule kabla ya mechi, watu wakimiminika kuelekea Uwanja wa Taifa na bendera nyekundu na nyeupe, kila uso ukiamini, na nilimwambia kwamba mtu aliyekuwapo akiiona atahisi uzito wote wa siku ile. Hakutaka. Aliongeza bei, nami nikamshukuru na kukataa tena, tukaagana vizuri. Fedha zile zingenilipia kanvasi za mwaka mzima. Lakini nchi yetu ina picha chache za michezo ya zamani, na mchoro hudumu kuliko aliyeuagiza; mjukuu wake atakapoukuta ukutani hatakuwa na mtu wa kumwambia kwamba kombe lile halikuinuliwa. Mchoraji anayekaa meza moja na watu wanaokesha wakithibitisha uhalisi wa tiketi moja ya karatasi hana ruhusa ya kuwaletea uongo wenye fremu.

Picha ya Simbu haikuuzwa, ila ndiyo iliyozungumzwa kuliko zote mchana kutwa. Tarehe 15 Septemba 2025, Tokyo, mbio za marathoni za ubingwa wa dunia zilikwisha kwa wanaume wawili kuandikiwa muda ule ule, saa 2, dakika 9 na sekunde 48, na Simbu akampita Amanal Petros wa Ujerumani kwa sekunde 0.03 tu. Watazamaji wengi mezani kwangu waliuliza swali moja: mbona Petros, aliyekuwa akianguka mbele kwa mikono iliyonyooka, anaonekana kama ndiye aliyetangulia? Nilifurahi kulijibu kila mara. Katika riadha mshindi huamuliwa kwa kiwiliwili, yaani sehemu iliyo kati ya shingo na kiuno. Kichwa, mkono na mguu havihesabiwi. Nilipokuwa nikiichora nilipiga mstari wima mwembamba kwa penseli juu ya kanvasi na kuvipima vifua viwili dhidi yake, nikiviacha vitofautiane kwa upana wa kidole kimoja. Kukitanguliza zaidi kifua cha Simbu kungempendeza kila mtu aliyepita, na kungeyaondolea mashindano yale kila kilichoyafanya yawe ya ajabu.

Jumapili, Bagamoyo

Asubuhi walikuja wanafunzi kutoka TaSUBa, ile taasisi ya sanaa iliyoanza mwaka 1981 ikiitwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Walitazama brashi zangu kuliko picha, na hilo ni dalili nzuri. Mmoja wao, kijana mwenye mkono mwepesi sana, alinionesha daftari lenye mchoro wa mchezaji aliounakili kutoka kwenye picha ya gazeti, akaniuliza kama anaweza kuuchapa na kuuza nakala katika mikutano kama huu. Nilimweleza kwamba picha ya gazeti ina mwenyewe, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mpigapicha kama inavyotulinda sisi wachoraji. Akaombe ruhusa, na akinyimwa aende uwanjani akachore mwenyewe. Picha tano za gazeti, maelezo ya mashahidi wawili na majuma kadhaa ya kuchora wachezaji wakifanya mazoezi humpa mchoraji mwili anaoweza kuugeuza upande wowote, ilhali picha moja iliyonakiliwa humpa upande mmoja tu, tena wa mtu mwingine.

Mchana nilipata mazungumzo ambayo nilikuwa nikiyatamani kwa muda mrefu. Msafiri mmoja wa kibiashara, mkusanyaji wa beji za Olimpiki, amewahi kuhudhuria ule mkutano mkubwa wa wakusanyaji wa vitu vya michezo wa Marekani, ambao ulianza Los Angeles mwaka 1980 na mara nyingi hufanyika Rosemont, jirani na Chicago. Kule, alinieleza, bidhaa kuu ni kadi za wachezaji, hasa za besiboli, na bei zake hufika mahali pa kutisha. Kadi moja ya Mickey Mantle ya mwaka 1952 iliuzwa kwa dola milioni 12.6 mwaka 2022. Lakini nilichotaka kusikia ni habari za wachoraji. Nilikuwa nikimfahamu Dick Perez kwa jina, yule aliyechora wachezaji wa besiboli katika mfululizo wa Diamond Kings wa kadi za kampuni ya Donruss kuanzia mwaka 1982, na aliyechora pia kadi za Perez-Steele za magwiji wa besiboli. Msafiri huyu alinifafanulia kwa nini kadi za Perez-Steele zilipendwa sana: wakusanyaji walizichukua na kuwapelekea magwiji wenyewe, waliokuwa bado hai, wakatia sahihi zao juu ya mchoro. Kitu kimoja kikawa na mikono miwili, wa aliyechora na wa aliyechorwa.

Hilo linawezekana kwetu, na linahitaji kufanywa sasa. Wanariadha na wachezaji wetu wa miaka ya 1960 na 1970 ni wazee, wengi wanaishi maisha ya kawaida mitaani, na ni wachache wanaowagongea mlango. Nakala yenye sahihi ya mchezaji ingeuzwa ghali zaidi, na fungu lake la fedha linapaswa kuwa lake, limeandikwa kwenye karatasi kabla hajashika kalamu. Nimezungumza na waandaaji kuhusu kuwaalika wazee wawili au watatu katika mkutano ujao, walipiwe nauli na malazi, wapewe kiti cha heshima na sehemu ya mauzo. Wamelipokea vizuri. Nitawakumbusha kila mwezi hadi lifanyike.

Jioni meza zilifungwa. Kibadeni amekwenda kwa yule mzee wa Yanga, naye hakutoa sababu, wala sikumwuliza.

Jumatatu, Bagamoyo

Kabla ya kuondoka nimeketi na mkusanyaji mmoja wa medali za marathoni aliyeniagiza picha ya John Stephen Akhwari, mkimbiaji wetu wa marathoni. Tumekunywa chai ya tangawizi na vitumbua huku tukiandika masharti, kwa kuwa picha ya kuagiza bila maandishi huishia katika ugomvi. Arbuni ni nusu ya bei, nusu inayobaki italipwa siku ya kukabidhiwa. Nitamwonesha rasimu ya penseli kabla ya kugusa rangi. Haki ya kutoa nakala inabaki kwangu, isipokuwa nakala namba 1 itakuwa yake.

Kisha tukazungumzia tukio lenyewe, na hapo chai ilipoa. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico City, mji ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, wakimbiaji 75 walianza na 57 wakamaliza. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Akhwari, aliyekuwa ameanguka njiani na kuumia goti, aliingia uwanjani wa mwisho kati ya hao 57, mguu umefungwa bandeji, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, giza likiwa linaingia na watu wengi wamekwisha kuondoka. Nilimwambia kwamba shida ya picha hii ni mwanga: jua limekwisha, taa za uwanja ndizo zinazomulika, na bandeji ndicho kitu cheupe kuliko vyote katika kanvasi, hivyo jicho litakwenda kwenye jeraha kabla ya kwenda usoni, nami ninataka liende usoni kwanza. Nitalazimika kuitia bandeji vumbi na kivuli.

Aliafiki. Alikuwa na ombi moja tu, na alilisema akinitazama machoni. "Msanii, nakuomba usimwongezee watu jukwaani. Wengine wote wanaomchora humjazia uwanja." Nimeliandika kama sharti la nne, tumetia sahihi nakala mbili, kila mmoja amechukua yake, na basi la Msata linaondoka saa nane.